Jeki ndefu au ya chupa, kamba au winchi: gari la foo-wili libebe nini porini?

Mtu akishanunua Land Cruiser au Prado iliyotumika na kuanza kuota safari za Katavi, Ruaha au Ziwa Natron, swali lake la kwanza kwa fundi huwa hilohilo: ninunue hailifti, ile jeki ndefu? Ameiona imefungwa kwenye magari ya watalii pale Arusha, ndefu, nyekundu, inavutia macho. Fundi mzoefu humjibu kwa maswali mawili yanayomkera kidogo: hiyo jeki itasimama juu ya nini, na itashika wapi kwenye gari lako? Asiye na majibu ya hayo mawili anabeba chuma cha kuongeza uzito tu.

Nitavilinganisha vifaa kwa kufuata maswali hayo. Kwanza jeki, kisha vya kuvutia. Nitakawia zaidi kwenye jeki ndefu na kamba ya kunyumbuka, maana hivyo viwili ndivyo vinavyovunja watu taya na miguu.

Jeki tatu

Jeki ndefu, wengi tunaiita hailifti hata ikiwa ya kampuni nyingine. Hi-Lift yenyewe inatoka Bloomfield, Indiana, Marekani, na imekuwa ikitengenezwa tangu 1905 bila kubadilika sana: nguzo ya chuma yenye matundu, kichwa chenye pini mbili zinazopanda tundu kwa tundu, na mpini mrefu. Zinazouzwa zaidi ni za inchi 48 na inchi 60, yaani karibu sm 122 na sm 152. Ya inchi 48 ina uzito wa kilo 13 hivi, na kampuni inairuhusu kubeba kama kilo 2,100. Asili yake ni chombo cha shambani, cha kung'oa nguzo za uzio na kuinua trekta, ndiyo maana inaweza pia kuvuta, kubana na kutanua. Hakuna jeki nyingine ya bei yake inayofika juu kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba hailifti haiingii chini ya gari. Inashika ubavuni au kwenye bampa, na inataka bampa la chuma lililofungwa kwenye chesisi, au matundu maalumu ubavuni kama ya Land Rover Defender. Prado ina bampa la plastiki. Hilux ya kisasa, bampa la nyuma ni bati tu. Ukipachika ulimi wa hailifti hapo utainua bampa na kuliacha gari palepale. Kuna kulabu zinazouzwa pembeni za kushika rimu, na hizo zinasaidia sana kwa sababu unainua gurudumu lenyewe, ila angalia kwanza kama rimu zako zina matundu ya kutosha kupitisha kulabu.

Jeki ya chupa ndiyo ileile inayokuja na gari, ya mafuta au ya uzi. Fupi, nzito kwa umbo lake, na ina nguvu: ya tani 5 au 10 hupatikana mjini popote. Unaiweka chini ya ekseli karibu na gurudumu, na kila sentimita inayopanda ni sentimita ya gurudumu kupanda. Hapa ndipo inapoizidi hailifti. Ukiinua kwa bampa, chesisi hupanda kwanza, springi zinaachia, gurudumu linabaki limening'inia topeni. Unaweza kupandisha mwili wa gari sm 20 na zaidi kabla tairi halijaacha ardhi. Wenye hailifti wajanja hufunga ekseli kwenye chesisi kwa mkanda kabla ya kuanza, ili springi zisiachie. Wengi hawafanyi hivyo, wanapiga mpini mpaka gari linayumba angani na tairi bado liko shimoni.

Udhaifu wa chupa ni kimo. Nyingi zinataka nafasi ya kama sm 20 kuingia. Tairi likiwa limeisha upepo na gari limelalia tumbo, nafasi hiyo huna, lazima uchimbe. Kwa hiyo bora zaidi ni kubeba mbili, fupi na ndefu: fupi inaanza, unaweka jiwe au gogo, ndefu inamalizia.

Ya tatu ni puto, mfuko mkubwa unaojazwa kwa moshi wa ekzosi kupitia mpira. Hupanda hadi sm 75 hivi na chini yake ni pana, kwa hiyo haizami mchangani wala topeni. Kwenye fukwe, au kwenye Jangwa la Chalbi kule kaskazini mwa Kenya, ni kifaa kizuri kuliko vyote viwili vya juu. Kwenye pori la migunga sikushauri. Mwiba mmoja unatosha. Bomba la ekzosi lililo moto linaunguza mfuko ukiligusa, na gari kuukuu lenye ekzosi iliyotoboka katikati halitajaza kitu. Injini ikigoma unabaki na turubai.

| | Hailifti | Chupa | Puto |
|---|---|---|---|
| Inashika wapi | Bampa la chuma, ubavu wenye matundu, rimu kwa kulabu | Ekseli, au sehemu ya chesisi iliyoelekezwa na kiwanda | Tumbo la gari penye usawa |
| Kimo | Karibu m 1 au zaidi | Fupi, huhitaji jiwe au gogo | Takriban sm 75 |
| Ardhi laini | Inazama bila ubao | Inazama bila ubao | Haizami |
| Inaharibiwa na | Tope kwenye pini, mpini kuponyoka | Kulazwa ubavu, mafuta kuvuja | Miiba, joto, ekzosi mbovu |

Ubao, kabla ya jeki yoyote

Chukua hesabu ndogo. Kona moja ya Land Cruiser iliyopakia inaweza kufika kilo 1,000 kwenye jeki. Mguu wa hailifti una kama sm 10 kwa 18, yaani sentimita 180 za mraba. Kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 5. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, ule wa ukanda wa Grumeti magharibi mwa Serengeti au wa nyanda za Katavi wakati wa masika, utapiga mpini na kuona jeki inashuka badala ya gari kupanda. Weka chini yake ubao wa sm 30 kwa 40, mzigo unashuka hadi chini ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Kwa pesa hiyo ndogo umenunua jeki mpya.

Uwe mnene, sm 4 au 5, wa mti mgumu. Pigilia vipande vinne vya mbao juu yake kuzunguka mguu wa jeki ili usiteleze, na toboa tundu pembeni upitishe kamba. Hiyo kamba ni muhimu, maana ubao ukishakandamizwa na tani nzima topeni haung'oki kwa vidole.

Kuinua bila kuumia

Ukiwa hifadhini, huruhusiwi kushuka garini ovyo. Toa taarifa langoni kwa redio au simu, angalia vichaka pande zote, na mmoja abaki amesimama akitazama majani wakati wengine wanachimba. Simba hapigi honi.

Weka vigingi au mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini kabla hujagusa jeki. Usitegemee breki ya mkono peke yake, na wenye Defender na Land Rover za zamani wasome sentensi hii mara mbili: breki yenu ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inaliacha lile la hewani lizunguke, na gari linaweza kutembea huku breki imevutwa. Funga loku ya difu ya kati kwanza, ili magurudumu ya mbele nayo yashikiliwe.

Sasa mpini wa hailifti. Wakati wa kupandisha, mpini unashuka kwa nguvu zako. Wakati wa kushusha, gari ndilo linalousukuma mpini juu, kwa nguvu zake. Ukiponyoka mkononi hauishii hapo. Unaruka juu, chini, juu, chini, kichwa cha jeki kikishuka tundu baada ya tundu hadi gari litue. Aliyeinama juu ya mpini hupigwa kidevuni. Kwa hiyo: simama ubavuni, mikono miwili, kichwa chako kisiwe kamwe kati ya mpini na nguzo, na kabla ya kugeuza kile kidude cha kupandisha na kushusha hakikisha mpini umesimama wima umegusa nguzo. Jeki ikiwa haina mzigo, kichwa huporomoka chenyewe hadi chini ukigeuza, basi ondoa vidole.

Pini nazo zinadanganya. Zikijaa tope lililokauka, moja inaingia kwenye tundu na nyingine inabaki nusu. Macho yataona jeki imeshika. Mwagia maji, kisha dizeli au mafuta mepesi, na gonga taratibu hadi usikie pini zinaruka zenyewe kwa springi. Fanya hivyo gari likiwa bado chini. Jeki inayokaa nje kwenye bampa kutoka Arusha hadi Seronera imekula vumbi la kutosha, ifunike na turubai au iweke ndani.

Na hakuna jeki kati ya hizi tatu inayokuruhusu kuingia chini ya gari. Ukiondoa tairi, lile spea lilaze chini ya chesisi ubavuni. Jeki ikianguka, gari litakalia rimu, halitakalia mguu wa mtu.

Koleo na vibao

Hapa sina mengi ya kulinganisha, kwa sababu koleo linashinda. Gari likilalia tumbo, matope yanalinyonya na ekseli zinakuwa kama nanga. Chimba mbele ya magurudumu kwa mteremko, toa udongo chini ya difu, na nusu ya kazi imekwisha.

Punguza upepo. Mchangani shuka hadi PSI 16 au 18 kwenye geji, tairi linatanuka na kuelea. Kwenye tope la mbuga faida ni ndogo zaidi, kwa sababu meno ya tairi yakishaziba huwa umevaa puto laini. Ukishapunguza usikate kona kwa kasi, tairi litachomoka kwenye rimu, na usirudi kwenye lami kabla ya kujaza. Kompresa ndogo ya betri basi inakwenda pamoja na ushauri huu.

Vibao vya plastiki vya kukanyagia, kama Maxtrax vya Australia, ni vyepesi na hubeba watu kutoka mchangani vizuri mno. Adui yake ni mguu wa dereva: magurudumu yakizunguka kwa kasi juu yake, meno ya plastiki yanayeyuka. Vile vya bati lenye matundu, mjukuu wa mabati ya viwanja vya ndege vya muda vya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, haviyeyuki, lakini vinapinda, vina makali, na vikirushwa nyuma na tairi vinakata. Topeni, vyote viwili hupotea chini. Vifunge kamba yenye rangi kali. Matawi na mawe bado ni bure, ingawa ndani ya hifadhi usikate mti.

Kamba ya kukokota na kamba ya kunyumbuka

Zinafanana dukani, na watu huzichanganya. Kamba ya kukokota, ya poliesta au mnyororo au waya, hainyumbuki. Kazi yake ni kuvuta gari bovu barabarani, taratibu, ikiwa imenyooka tangu mwanzo. Kamba ya kunyumbuka ni ya nailoni, mara nyingi mita 9, na hurefuka kwa asilimia 20 hadi 30. Gari linalovuta huanza kamba ikiwa imelegea mita mbili tatu ardhini, linaondoka kwa gia ya pili ya nguvu, bila mbio, kamba inarefuka, kisha inajirudisha na kulichomoa lililonasa. Kwa magari mawili mchangani au kwenye tope la wastani, hakuna kitu cha haraka zaidi.

Ukifanya mchezo huo kwa waya au mnyororo, kitu kitakatika. Nimeona lori likitaka kuichomoa pikapu kwa mshindo wa mnyororo. Kipande cha pingu, kile kiungo cha chuma cha kufungia mnyororo, kilipita juu ya vichwa vya watu. Tena nyumbani kwetu gari likinasa karibu na kijiji, watoto hufika kabla ya kamba. Dereva asitie gia kabla hawajasogezwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na pembeni, siyo mbele wala nyuma.

Uimara wa kamba uwe mara 2 hadi 3 ya uzito wa jumla wa gari lile jepesi kati ya mawili. Nyembamba inakatika, na nene kupita kiasi hainyumbuki, inageuka kuwa mnyororo. Usiifunge fundo, na usiunganishe kamba mbili kwa pingu ya chuma. Ikikatika, pingu inakuwa risasi.

Unaifunga wapi? Kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela, kamwe. Australia watu wameuawa na kichwa hicho kikichomoka na kupita kwenye kioo cha gari la pili. Na kuna mtego unaotuhusu sisi wanunuzi wa magari kutoka Japani: yale masikio membamba ya chuma chini ya bampa yaliwekwa kufungia gari melini lisiyumbe. Yanatosha kwa kazi hiyo. Kwa mvuto wa kamba ya kunyumbuka yananyooka au yanang'oka. Tafuta kulabu iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti nene, na kama haipo, ifungwe kabla hujanunua kamba.

Gari likiwa limelalia tumbo kwenye udongo mweusi, weka kamba ya kunyumbuka pembeni hadi koleo limalize. Kuchomoa kwa mshindo kitu kilichonyonywa ni kutafuta kung'oa chesisi.

Winchi

Winchi, ngoma ya waya inayozungushwa na mota mbele ya gari, inavuta polepole na inakubali kusimamishwa katikati. Kwa usalama, ukiitumia vizuri, naiweka juu ya kamba ya kunyumbuka. Kwa bei na uzito inashika mkia, maana ni ghali na nzito kuliko vyote.

Kipimo kinachotumika ni mara moja na nusu ya uzito wa gari na mizigo yake. Land Cruiser ya tani 3 inataka winchi ya kilo 4,500, kwa hiyo zile za ratili 9,500 (kilo 4,300 hivi) ziko ukingoni na za ratili 12,000 zinatosha. Nguvu iliyoandikwa ni ya waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma. Ngoma ikijaa, nguvu hupungua sana. Kapi moja ya kurudishia waya inakaribia kuongeza nguvu maradufu, na ni nafuu kuliko kununua winchi kubwa. Injini iwe inaunguruma, maana winchi ikibanwa inakunywa mamia ya ampea. Kamba ya nyuzi ni nyepesi na ikikatika hairudi kwa ukali wa waya wa chuma, lakini inaliwa na mawe na jua. Kwa vyovyote, laza koti zito au blanketi katikati ya kamba.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Winchi iko mbele. Wewe umeingia topeni kwa mbele, na ardhi ngumu iko nyuma ulikotoka. Mara nyingi winchi itakuvuta ndani zaidi. Pia inataka mti. Kwenye nyanda za nyasi fupi kusini mwa Serengeti unaweza kuzunguka macho pande zote usione hata mmoja, na kinachobaki ni kuzika tairi la spea, shimo la kina cha tairi lenyewe, kazi ya jasho jingi, na udongo ukiwa umelowa tairi linatoka taratibu likikufuata. Mbuyu ni imara, ila mkanda wa mita tatu hauzunguki hata nusu ya mbuyu mkubwa.

Wengi huvutiwa na winchi kwa kuangalia magari ya Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ambapo anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote, hata ikibidi kushuka korongoni. Magari yale yana watu wanaokimbia mbele kwa miguu kutafuta njia na kufunga kamba. Wewe una familia, jiko la gesi na majokofu mawili.

Kwa gari lako

Prado, Hilux, Fortuner au yoyote yenye bampa la plastiki: chupa mbili, ubao, koleo, kompresa, vibao. Hailifti iache dukani, labda ukiwa na kulabu za rimu na umeshazijaribu.

Land Cruiser ya mkonga (yenye bomba la hewa lililopanda juu) iliyofungwa bampa la chuma, au Defender: hailifti ya inchi 48 inafaa, pamoja na chupa, siyo badala yake. Ya inchi 60 ni ndefu kuliko mahitaji ya wengi na inayumba zaidi.

Mkisafiri magari mawili, kamba ya kunyumbuka na kulabu halali mbele na nyuma kwa kila gari, kabla ya kuwaza winchi. Winchi ni ya anayetembea peke yake mara kwa mara kwenye misitu na milima wakati wa mvua: mtafiti, askari wa wanyamapori, mkandarasi wa minara. Puto ni la mtu wa mchangani.

Kabla ya kuondoka, badilisha tairi nyumbani kwenye udongo, siyo kwenye sakafu ya gereji, kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari na si vya fundi. Magari mengi yaliyotumika yanafika bandarini yakiwa hayana mpini wa jeki, na mengine yana nati za kufuli zisizo na ufunguo wake. Nati hizo zing'olewe mjini.